Maoni Yetu: Cheti Hakisimamishi Gari

Gari likishindwa ukaguzi, siku inayohitaji macho makali zaidi ni ile linayorudi. Mara ya kwanza mkaguzi anatafuta ubovu. Mara ya pili anathibitisha kwamba ubovu umeondoka kweli na haujahamia kwingine. Hiyo mara ya pili ndiyo inayopuuzwa mno. Dereva anarudi na risiti ya fundi, risiti inatazamwa, muhuri unagongwa, lori linarudi kubeba watu juu ya magunia. Maoni yetu ni kwamba ukaguzi wa marudio ufanywe kwenye chuma, si kwenye karatasi, na utaratibu huohuo ushuke hadi bandarini, kwa sababu watu wa Basoko wanasafiri kwa maji kuliko kwa barabara.

Tuanze na hali yetu. Basoko iko pale Mto Aruwimi unapoingia Mto Kongo, chini ya Kisangani, ukishapita Yangambi na Isangi. Magari si mengi, na hapo ndipo kisingizio kinapozaliwa: ukaguzi wa nini, wakati magari yenyewe yanahesabika? Sisi tunasema kinyume. Mahali penye magari machache, kila gari linabeba zaidi. Pikapu moja leo inabeba mafuta ya mawese, kesho mihogo, keshokutwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali pamoja na ndugu zake. Ikiharibika njiani hakuna nyingine inayoifuata nyuma. Ikiua, inaua watu wengi kwa mara moja.

Barabara nazo zinazidisha mambo. Tuko karibu na Ikweta, mvua haitupi nafasi, na udongo wetu ukilowa unateleza, ukikauka unakuwa vumbi. Tope linaingia kwenye breki, mashimo yanalegeza viungo vya usukani, mipira inayokinga viungo hivyo inapasuka na mchanga unaingia ndani. Spea zinatoka Kisangani au Kinshasa, na zinakuja kwa mto, kwa siku nyingi. Kwa hiyo fundi anafunga kwa waya kile alichotakiwa kukibadilisha. Fundi hatumlaumu, anafanya kazi kwa alichonacho. Ila waya usipewe cheti.

Basi mkaguzi atazame nini gari linaporudi?

Aanze na utambulisho. Gari lililorudi ni lilelile lililokataliwa? Namba ya chasisi isomwe kwenye chuma chenyewe na ilinganishwe na karatasi ya kukataliwa, herufi kwa herufi. Kibao cha namba hakitoshi, kwa kuwa kinafunguliwa kwa bisibisi na kufungwa kwenye gari jingine zima linalofanana nalo. Hatua hii inachukua dakika chache na haihitaji mashine yoyote.

Kisha achukue orodha ya kasoro zilizoandikwa mara ya kwanza, apite moja baada ya nyingine. Hapa ndipo umuhimu wa kuandika vizuri unapoonekana. Karatasi iliyoandikwa "breki mbovu" haimsaidii mtu. Breki ipi, ya gurudumu gani, mbovu kwa namna gani? Inavuja, imekwisha, inavuta upande mmoja, au ya mkono haishiki? Kasoro isiyoelezwa haiwezi kuthibitishwa kwamba imetengenezwa, na mlango wa mabishano na wa bahasha unafunguliwa hapohapo.

Breki zinastahili muda kuliko kitu kingine. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya breki kuchelewa ni mita 17 za watoto, mbuzi na toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria. Penye mashine, gari linapandishwa kwenye rola na nguvu ya kila gurudumu inapimwa. Huko Uingereza gurudumu likivuta chini ya asilimia 70 ya nguvu ya mwenzake wa ekseli ileile, gari linakataliwa, kwa sababu breki zisizolingana zinalipeleka gari pembeni dereva anapokanyaga kwa nguvu. Pasipo mashine, kazi haisimami. Mkaguzi akanyage pedali na kuishikilia. Ikizama polepole, mafuta yanavuja mahali. Ikiwa laini kama anakanyaga upepo, kuna hewa kwenye bomba. Gari lijaribiwe mahali tambarare kwa mwendo mdogo, mkaguzi aone kama linavuta kushoto au kulia. Breki ya mkono ijaribiwe kwenye mteremko, si kwenye uwanja sawa ambapo hata gari bovu linasimama lenyewe.

Usukani ufuate. Gurudumu linyanyuliwe kwa jeki, lishikwe juu na chini, litikiswe. Kisha lishikwe kushoto na kulia, litikiswe tena. Kiungo kilicholegea kitajitambulisha mkononi. Kama kimebadilishwa, mkaguzi atazame pia kama magurudumu ya mbele yametazama sawasawa, maana kiungo kipya kinaweza kuyapindisha, na tairi jipya likaliwa upande mmoja kabla mwezi haujaisha.

Matairi yana ujanja wake, na ujanja huo unajulikana duniani kote: tairi la kuazima. Mwenye gari anaazima matairi mazuri ya rafiki kwa siku ya ukaguzi, anayarudisha jioni. Dawa yake ni nyepesi. Kila tairi lina namba zake ubavuni, zikiwemo tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Ziandikwe kwenye ripoti. Polisi wa barabarani, wale tunaowaita roulage, akisimamisha gari wiki mbili baadaye, ana kitu cha kulinganisha. Afadhali dakika tano za kusoma namba za tairi kuliko nusu saa ya kugeuza karatasi na kutafuta kosa la dereva.

Taa: balbu mpya isiwashwe tu na kuzimwa. Itazamwe inamulika wapi, kwa sababu taa iliyoinuka inampofusha anayekuja mbele, na iliyoinama haimwonyeshi dereva shimo. Kulehemu: penye chuma kilichounganishwa upya, mkaguzi apite kwa mkono na tochi kuona kama mshono umeshika pande zote, na kama moto wa kulehemu haukuunguza bomba la mafuta au la breki lililo karibu. Moshi, mikanda, vioo vya pembeni, kioo cha mbele: kila kilichoandikwa kitazamwe, hakuna kuruka.

Jambo la tatu, baada ya utambulisho na orodha, ndilo linalosahaulika zaidi: kutazama jirani wa kilichotengenezwa. Matengenezo yanagusa vitu vingine. Fundi aliyefungua gurudumu kubadilisha breki amegusa beringi, bomba na nati. Nati moja isiyokazwa inatosha kulitoa gurudumu lote njiani. Mkaguzi hapaswi kulianza gari upya kuanzia bampa hadi bampa, kwa kuwa hilo lingekuwa adhabu kwa mwenye gari aliyetii. Lakini akiona hatari mpya mbele ya macho yake, hana ruhusa ya kugeuza uso eti haikuwa kwenye orodha.

Wenzetu wameshaandika taratibu hizi, hatuna haja ya kubuni upya. Ubelgiji, ambako magari mengi ya mitumba yalipandishwa meli kuja Afrika, gari lililokataliwa linapewa cheti chekundu na siku 15 za kutengenezwa na kurudishwa. Ufaransa, tangu Mei 2018, kasoro zimegawanywa madaraja matatu: ndogo, kubwa na za hatari. Kasoro ndogo inaandikwa tu, gari linapita. Kasoro kubwa inampa mwenye gari miezi miwili ya kutengeneza na kurudi. Kasoro ya hatari inalisimamisha gari: haliruhusiwi kutembea baada ya saa sita usiku wa siku hiyohiyo. Uingereza, gari likirudi ndani ya siku 10 za kazi, linatazamwa vile vitu lilivyokataliwa navyo, na gharama inapungua au inafutwa. Kote huko kasoro zinaandikwa, muda unajulikana, na marudio hayalipiwi kama ukaguzi mpya. Mwenye gari ana sababu ya kurudi.

Karibu na kwetu, Kenya ilitufundisha somo la pande mbili. Mapema mwaka 2004 kanuni alizozisimamia Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kushika kasi: matatu yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kila kiti kiwe na mkanda, madereva na makondakta wavae sare. Matatu yasiyotimiza masharti yaliondolewa barabarani, na watu wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Walilalamika, lakini walipopanda tena waliketi mmoja kwa kiti kimoja. Huo ni upande wa kwanza: serikali ikishikilia tarehe yake, chuma kinabadilika. Upande wa pili ulikuja baadaye. Usimamizi ulipolegea, vidhibiti vikachezewa, vikawa pambo ndani ya gari lenye cheti safi. Kifaa kilichokaguliwa mara moja na kusahauliwa hakimlindi abiria.

Sisi nasi hatukosi sheria. Kanuni ya barabara ya nchi yetu ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, karibu nusu karne sasa. Tume ya kitaifa ya kuzuia ajali za barabarani, CNPR, nayo iliundwa. Dereva wa Kisangani anajua kwa moyo karatasi atakazoulizwa barabarani: kadi ya gari, bima, leseni, cheti cha ukaguzi. Tatizo letu ni kwamba cheti kimekuwa karatasi miongoni mwa karatasi. Kinaulizwa kama kipo, hakiulizwi kama kinasema kweli. Askari anayekitazama hana orodha ya kasoro za mara ya kwanza, hajui kama gari liliwahi kukataliwa, hajui nani alilipitisha. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo, kuinunua ni rahisi kuliko kutengeneza breki, na mtu mwenye haraka atainunua.

Wenye magari watatuambia: mnatuongezea mzigo. Ushuru ni mwingi, vizuizi ni vingi, spea ni ghali, na sasa mnataka turudi mara mbili. Malalamiko haya yana haki ndani yake, na hatuyapuuzi. Mtu anayelipishwa kila kizuizi hana sababu ya kuamini kwamba malipo haya yamekuja kwa usalama wake. Ndiyo maana tunasema marudio yasilipiwe. Ukaguzi ukilipiwa mara moja, fedha hiyo inunue vyote viwili: kukataliwa kwa maelezo na kurudi kutazamwa. Mkaguzi asiwe na faida yoyote katika kulikataa gari mara nyingi, wala katika kulipitisha upesi.

Na muda uendane na hali yetu. Siku 15 za Ubelgiji zinatosha mtu mwenye duka la spea mtaa wa pili. Basoko, spea ikiagizwa Kinshasa, siku 15 zinaweza kuisha boti haijafika. Siku 30 zinafaa kwa kasoro kubwa. Lakini breki, usukani na chasisi iliyokatika havina siku 30. Gari lenye kasoro hizo lipaki mpaka litengenezwe, awe mwenyewe mfanyabiashara, mkubwa wa ofisi au mtumishi wa Mungu. Magari ya serikali na ya mashirika nayo yapite foleni ileile. Hakuna kinachoua utii upesi kama kuona jipi la serikali likipita bila taa huku pikipiki ya kijana ikizuiliwa kwa kukosa kioo cha pembeni.

Sasa twende mtoni, maana huko ndiko tunakofia wengi.

Mto ndio barabara kuu ya Basoko. Mtu akienda Kisangani kutibiwa, kusoma au kuuza, aghalabu anapanda balenieri, boti kubwa ya mbao yenye injini, akikaa juu ya magunia na mapipa. Boti hiyo inabeba watu kuliko lori lolote la wilaya yetu, na kasoro yake haina pembeni pa kusimama. Tarehe 15 Aprili 2025 boti ya mbao HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka ikielekea Bolomba. Taarifa zilisema moto ulianza mtu akipika ndani ya boti. Waliokufa walipita 100. Septemba ya mwaka huohuo, ndani ya siku mbili, boti mbili zilipata ajali katika jimbo la Équateur, moja Basankusu na nyingine Lukolela, na kwa hesabu zilizotangazwa watu zaidi ya 190 walikufa. Kabla ya hapo, tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Maji ni tofauti, lakini lawama zinazosikika baada ya misiba kama hii zinafanana: mzigo kupita kiasi, safari za usiku, maboya ya kuvaa yasiyotosha.

Kuyakagua hayo hakuhitaji mashine yoyote. Mbao za chini zinapigwa kwa nyundo na kusikilizwa. Mishono inatazamwa kama imezibwa. Pampu ya kutoa maji inawashwa. Maboya ya kuvaa yanahesabiwa na kulinganishwa na abiria, kisha yanahesabiwa tena siku ya kuondoka, kwa kuwa boya nalo linaazimwa kama tairi. Jiko linawekwa mbali na mapipa ya petroli, au halipandi kabisa. Na ubavuni mwa boti unachorwa mstari wa rangi: maji yakiufikia, upakiaji unakoma.

Mstari huo una historia ya kutufunza. Uingereza uliingizwa kwenye sheria mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania kwa miaka mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini kwenye meli zilizojazwa kupita kiasi. Lakini sheria ile ya kwanza ilimwachia mwenye meli aamue mwenyewe mstari uchorwe wapi. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kuziba tundu hilo na kuweka kipimo kisichotegemea hiari yake. Tusirudie kosa lile. Mstari wa balenieri uchorwe na mkaguzi, boti ikiwa tupu na tena ikiwa imepakiwa kwa kipimo, na urefu wake uandikwe kwenye hati. Boti iliyokataliwa ikirudi, mkaguzi apime mstari kwanza, aone kama haukupandishwa kwa brashi.

Tunachotaka, basi, kinaweza kuanza bila kusubiri msaada wa nje wala jengo jipya.

Moja, kila gari na kila boti inayokataliwa ipewe karatasi yenye kasoro zilizoelezwa, daraja la kila kasoro, na tarehe ya mwisho ya kurudi. Nakala moja ibaki ofisini, moja kwa mwenyewe.

Mbili, marudio ndani ya muda yasilipiwe. Atakayechelewa ndiye alipe upya.

Tatu, anayeangalia marudio aandike jina lake na kutia sahihi mbele ya kila kasoro aliyoithibitisha. Ajali ikitokea kwa kasoro hiyohiyo ndani ya muda mfupi, aitwe aeleze. Muhuri wa ofisi usiwe kichaka cha kujifichia.

Nne, orodha ya magari na boti zilizokataliwa na ambazo hazijarudi ibandikwe wazi, kwenye ofisi ya wilaya na bandarini, na isomwe redioni. Abiria ana haki ya kujua kabla ya kulipa nauli. Mama anayesafiri na watoto akisikia jina la boti, atachagua nyingine, na mwenye boti atamtafuta fundi bila kusukumwa na askari.

Tano, wakaguzi wapatiwe vifaa vidogo: jeki, tochi, kipimo cha tairi, nyundo, utepe wa kupimia, daftari lisilolowa. Bei ya vyote hivyo ni ndogo kuliko ya majeneza machache.

Abiria naye ana sehemu yake. Tukiona boti imezama kupita mstari na bado tunapanda kwa sababu soko ni kesho, tunamfundisha mwenye boti kwamba mstari ni rangi tu. Tukimlazimisha dereva apakie mwingine mmoja, na mwingine tena, tunaifuta kazi ya mkaguzi kabla gari halijatoka mjini. Hakuna mkaguzi anayeweza kusafiri na kila gari na kila boti. Abiria wapo katika kila safari.

Kwa wakubwa wa Kisangani na Kinshasa ombi letu ni moja: msitutangazie tena oparesheni ya ukaguzi ya wiki mbili, yenye kamera siku ya kwanza na kimya siku ya kumi na tano. Tuambieni magari na boti ngapi zilikataliwa, ngapi zilirudi, na ngapi zilipita baada ya kutengenezwa kweli. Ofisi isiyoweza kujibu maswali hayo matatu inakusanya ada tu. Itoe majibu, au iache kuuza vyeti.